Somo la Historia: Chuma cha Jembe

Leo tutasoma juu ya chuma cha jembe.

Zamani Wanyiha wa Mbozi hawakungoja chuma cha kununua, walikiyeyusha wenyewe. Walijenga tanuru la udongo, refu kupita kimo cha mtu. Ndani walitia mawe yenye chuma pamoja na makaa ya miti. Tanuru hilo halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, maana moto ukipanda huvuta hewa nyuma yake. Chuma kilichotoka kilikuwa na taka nyingi, kwa hiyo kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto. Ndipo mhunzi akafua jembe.

Je, jembe jema ni lipi? Chuma laini mno hupinda, na penye changarawe hulika upesi. Chuma kigumu mno huvunjika kikigonga jiwe. Kifaacho ni cha katikati.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, majembe ya viwanda vya Ulaya yalienea kwa bei rahisi. Matanuru yakazimika, na ujuzi wa kuyeyusha ukapotea. Lakini wahunzi hawakwisha. Walichagua vyuma vikuukuu, hasa springi za magari, kwa kuwa ni vigumu na havivunjiki ovyo.

Kazi yenu: tazameni majembe ya nyumbani. Lipi limelika? Lipi limepinda? Lipi limevunjika? Andikeni sababu ya kila moja.