Laini ya ng'ambo ya Kasesya: miaka 20 tangu mpaka wa simu ufutwe kaskazini, Ufipa ikabaki nje

Ukishuka kwenye gari pale Kasesya, wilayani Kalambo, simu yako inaweza kuvuka mpaka kabla yako. Utaijua kwa saa. Sisi tuko saa nzima mbele ya Zambia, na simu iliyodaka mnara wa upande wa Mbala hurudisha saa yake nyuma: ilikuwa saa 4:10 asubuhi, unaitazama tena inasoma saa 3:10. Kisha unaingia ujumbe wa kukukaribisha Zambia. Hujafika hata kwenye dirisha la uhamiaji, miguu bado iko kwenye udongo wa Rukwa, lakini ukipiga simu Sumbawanga utatozwa kama mtu aliye ugenini.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu tarehe 27 Septemba 2026 inatimia miaka 20 tangu kampuni ya Celtel ilipotangaza kuunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mmoja, ikauita One Network. Ulisifiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Mteja wa Dar es Salaam alishuka Nairobi au Kampala na laini ile ile, akapiga kwa bei ya wenyeji, akapokea simu bure, na vocha aliyoinunua kwenye kibanda cha huko akaikwangua na kuiingiza kwenye namba yake ya +255. Watu wa kaskazini wana haki ya kuiadhimisha siku hiyo. Sisi wa Ufipa, huku Rukwa, tuna historia nyingine, na sijawahi kuiona ikiandikwa.

Aliyenisimulia sehemu kubwa ya makala haya ni baba yangu mdogo, aliyepeleka maharage Mbala na Mpulungu tangu miaka ya 1990 mpaka magoti yalipomkataa. Nimemfuata yeye kwa mengi, hata kwa hasira zake, maana hasira hizo ninazo na mimi.

Mwanzoni, anasema, mfanyabiashara aliyevuka alijulikana kuwa mzima siku aliporudi. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1994, ikazaliwa TTCL, na aliyetaka kupiga simu mjini Sumbawanga alikwenda kwenye simu ya mezani. Lakini simu ya mezani haisafiri na gunia. Habari zilikwenda na madereva wa malori: karatasi iliyokunjwa mara nne, jina juu, na maneno machache ya bei. Dereva akilala Laela kwa sababu ya matope, habari nazo zililala Laela.

Wakati huo huo, mbali sana na huku, kitu kidogo kilikuwa kimeshatengenezwa. Mwaka 1991 kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, iliiuzia kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland kadi za kwanza za kutambulisha mteja, hizi tunazoziita laini. Mwaka 1995 Wareno wakaanza kuuza laini ya malipo ya kabla. Hatua hii ya pili ndiyo iliyotufaa sisi. Simu ya kulipia mwisho wa mwezi inataka anwani, hati ya mshahara na mtu wa kukudhamini, na mkulima wa maharage hana hata kimoja. Laini ya vocha ya miaka ile haikumuuliza mtu anatoka wapi. Ulilipa, ukakwangua, ukapiga. Mbele ya kibanda cha vocha Mtanzania na Mzambia walikuwa sawa, na hapo ndipo mgeni alipopata nguvu ya kununua namba ya nchi isiyo yake na kuitumia kama mwenyeji.

Nchini kwetu hatua zake zinajulikana: Mobitel mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Huku juu minara ilichelewa. Ilipofika, baba mdogo alinunua simu moja na laini mbili, ya +255 na ya +260, miaka mingi kabla ya simu za laini mbili kujaa madukani.

Kubadili laini kulikuwa kazi ya kukaa chini. Alipanda gari akiwa na laini ya nyumbani. Akishavuka, anatafuta kivuli, anafungua mfuniko wa nyuma, anatoa betri, anaisukuma laini kwa ukucha wa kidole gumba mpaka inachomoka. Hiyo ya Tanzania anaizungusha kwenye vocha iliyokwisha kukwanguliwa, ile karatasi ngumu, kisha anaifunga kwenye ncha ya leso na kuisokomeza mfuko wa ndani. Wanawake waliokwenda naye waliifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na noti. Kadi yenyewe ni ndogo, na upepo wa Ufipa hauna adabu. Anakumbuka wanaume wawili wakipepeta vumbi kwa mikono chini ya mwembe, wakitafuta laini iliyoruka.

Sasa nisimulie ugomvi uliotokea nyumbani kwetu mwaka 2005, kwa sababu najua nyumba nyingi za Sumbawanga na Matai zilipitia wa namna hiyo.

Baba mdogo aliaga safari ya siku 3. Mnunuzi wake wa Mpulungu akachelewesha fedha, siku 3 zikawa 9. Laini ya nyumbani ilikuwa kwenye leso, ya Zambia ndiyo iliyokuwa kwenye simu, na namba hiyo hakuwa amempa mtu yeyote upande huu. Siku ya 5 mtoto wake wa pili akaugua malaria. Mama mdogo alipiga kwa simu ya jirani, akajibiwa na ile sauti kwamba namba anayoipiga haipatikani. Akapiga tena usiku. Siku ya 7 baba yangu alimtuma kijana Kasesya kuuliza kama kuna Mtanzania aliyekamatwa au aliyepata ajali. Kijana akarudi bila jibu. Nyumbani shangazi zangu walikwisha kuanza kulia kwa sauti ya chini, ile ambayo haijawa msiba lakini inakaribia.

Siku ya 9 akaingia, mzima, na mifuko miwili ya sukari. Mtoto alikuwa ameshapata nafuu. Kikao kilikaa usiku ule ule. Baba, kama kaka mkubwa, alisema mtu mwenye namba mbili ana nyumba mbili. Mama mdogo hakusema kitu. Alinyoosha mkono akaitaka ile laini ya Zambia. Ikawekwa kwenye simu mbele ya wote. Kumbukumbu yake ilikuwa na majina machache, na moja lilikuwa la mwanamke. Akalipiga hapo hapo.

Mwanamke aliyepokea alikuwa mnunuzi wa maharage. Alijibu kwa Kilungu, na mama mdogo ni Mlungu wa Kasanga. Waliongea kama watu wa kisima kimoja, kwa kuwa Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili za mpaka huu tangu kabla Wajerumani na Waingereza hawajauchora. Mwanamke yule akaeleza deni lilivyochelewa, akaomba radhi kwa niaba ya mwenye duka, na akauliza hali ya mtoto. Hapo salio likakatika.

Baba alimtaka radhi mdogo wake asubuhi yake. Lakini ukoo ulitoa agizo: asivuke tena bila kuacha namba ya huko. Aliiandika mwenyewe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, tarakimu zote kuanzia +260, na kwa miaka mingi kila aliyekwenda kuchukua moto aliiona.

Mwaka uliofuata ndio One Network ikatangazwa. Hapa baba mdogo hupandisha sauti, na mimi simlaumu. Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, ilikuwa Zambia tangu 1998, yaani miaka 3 kabla ya kuanza Tanzania. Jina lilikuwa moja Mbala na Sumbawanga, rangi zile zile nyekundu na manjano. Hata hivyo muungano ulianza na Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2007 zikaongezwa Gabon na Kongo zote mbili, na kabla mwaka haujaisha zikawa nchi 12, Malawi na Nigeria zikiwemo. Katika hizo 12 Zambia haikuwemo. Washindani nao wakajibu: Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda walikuwa na mpango walioupa jina la Kama Kawaida, nao ulitazama kaskazini. Mtu wa Arusha akavuka Namanga na namba yake. Mtu wa Matai aliendelea kuchomoa betri chini ya mwembe.

Najua kampuni hufuata mahali palipo na wasafiri wengi, na Namanga ina watu kuliko Kasesya. Lakini serikali haipaswi kuhesabu kama kampuni. Maharage na mahindi ya Ufipa yanalisha watu pande zote mbili, na soko la jirani liko kusini, wala si Nairobi.

Yaliyofuata ni mafupi. Simu za laini mbili kutoka China zikaja, leso ikapumzika. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikakata sifuri 3 kwenye kwacha, na vocha iliyohesabiwa kwa maelfu ikahesabiwa kwa vipande. Wazee wengi walidhani wamepunjwa. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikazima simu bandia, nyingine zikiwa zile zile za laini mbili. Bandari ya Kasanga ikaunganishwa na Sumbawanga kwa lami, na wafanyabiashara wa ziwani wakawa na laini ya tatu, ya Kongo.

Badiliko kubwa ni la usajili. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zoezi likafungwa 20 Januari 2020 baada ya muda kuongezwa. Zambia nayo husajili. Siku za kulipa, kukwangua na kupiga zimekwisha: mgeni sasa huulizwa pasipoti, na mkulima anayevuka kwenda mnadani kurudi jioni mara nyingi hana. Kinachotokea ni kwamba anatumia laini ya jina la shemeji au la mwenye kibanda. Siku ikitumika vibaya, au mwenye jina akiidai, fedha zilizomo kwenye simu zinakwenda nayo. Nimeona mama mmoja akipoteza mtaji wa magunia kwa njia hiyo, na hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa kwenye karatasi laini haikuwa yake.

Kwa hiyo maneno yangu ya miaka 20 hii ni kwa TCRA na kwa wenzao wa Zambia, ZICTA. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zimeshaonyesha kwamba serikali zikikaa pamoja gharama za simu za mipakani hushuka. Sisi na Zambia tuko wote SADC, tuna reli moja, bomba la mafuta moja na ziwa moja. Wekeni bei ya majirani kwa Kasesya na Tunduma, na mpeni mtu wa mpakani njia ya kusajili laini ya ng'ambo kwa kitambulisho chake cha taifa.

Mpaka hapo, msomaji unayevuka kesho, fanya haya. Kabla ya Kasesya zima data na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu. Nunua laini kwa wakala, isajiliwe kwa jina lako mbele yako, na usikubali iliyokwisha kusajiliwa hata kama ni ya bei nusu. Na namba hiyo wapelekee watu wa nyumbani kabla hujawasha gari tena. Ile ya baba mdogo jikoni kwetu bado inasomeka, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho ambazo moshi umezifuta.