Njia Mbili za Kwenda Baharini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kijana mmoja alikuwa ameketi dukani kwangu, Vwawa, akijaza maombi ya kazi. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa sita usiku ule. Alibakiza kupakia cheti cha kuzaliwa. Duara likazunguka, likazunguka, kisha ukurasa ukabaki mweupe.

"Usihofu, mdogo wangu," nikamwambia. "Nina laini mbili."

Nilisema kwa majivuno. Mwaka mmoja kabla nilinunua ruta inayopokea intaneti ya kampuni mbili kwa pamoja, nikajifunza kugawa mzigo kwa kukosea. Mwanzoni niligawa pakiti moja huku, nyingine kule. Wateja wakawa wanatupwa nje ya akaunti zao za benki katikati ya kazi, kwa kuwa benki ilimwona mtu yuleyule akibisha hodi kutoka anwani mbili. Nikaelewa kwamba mazungumzo yaliyoanza kwenye laini moja lazima yaishie humohumo. Nikaelewa pia kwamba ruta isiulize uzima wa laini kwa modemu iliyo juu ya kabati, kwani modemu itaitika hata kama njia imekatika huko mbele. Iulize seva ya mbali.

Jioni ile iliuliza seva ya mbali kwa laini zote mbili. Kimya.

Baadaye tukasikia habari. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwezi Februari SEACOM ilikuwa imeshakatika pia kaskazini, kwenye Bahari ya Shamu. Kampuni zangu mbili zilituma ankara mbili, lakini mbele ya safari zilitegemea maji yaleyale.

Mtu wa Vwawa hakupaswa kushangaa. Barabara kuu na reli ya TAZARA zinazopita kwetu zina asili katika swali hilohilo.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake na mafuta yake vilitegemea reli ya kusini, kupitia Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi, na kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatwa. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi. Mwaka 1968 likaja bomba la TAZAMA hadi Ndola. Kisha Wachina wakakopesha na kujenga reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza 1970 na kukamilika 1975.

Mwaka 1973 Smith alifunga mpaka. Alipotaka kuufungua, Kenneth Kaunda akakataa. Ilibaki reli ya Benguela kwenda Atlantiki, na vita vya Angola vikaifunga mwaka 1975. Mzigo ukaiangukia TAZARA na bandari ya Dar es Salaam, na njia iliyojengwa kuokoa nchi ikaelemewa. Mbolea ikarundikana bandarini huku msimu wa kupanda ukikaribia. Oktoba 1978 Kaunda, kwa shingo upande, akafungua tena njia ya kusini, ile ya adui. Mahindi hayangoji siasa.

Kwa hiyo kuhesabu njia hakutoshi. Lazima ujue kila moja inapita wapi, inabeba kiasi gani, na ni kitu gani kimoja kinachoweza kuzikata zote kwa pamoja. Leo Mkongo wa Taifa unaungana na Zambia pale Tunduma, palepale malori yanapopanga foleni. Hiyo nayo ni njia, kwa anayeitumia.

Tulihangaika na yule kijana hadi saa sita ikapita. Cheti hakikupanda. Nilikataa hela yake. Akaiweka mezani, akasema umeme wangu ametumia, akatoka kwenye baridi.

Huduma ilirudi taratibu siku zilizofuata. Sasa wauzaji wa intaneti wakija dukani kunitajia kasi, nawasikiliza, kisha nauliza: "Data yangu inashukia bahari gani?" Wengi hucheka. Nami nimebandika karatasi mlangoni: maombi yafanyike siku tatu kabla ya mwisho. Ile ndiyo laini yangu ya tatu.