Ujuzi wa Mhitimu na Ridhaa Yake: Habari za Mlimani

Chuo Kikuu kilipofunguliwa mjini Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wanafunzi wake walikuwa 14 tu, wote wa sheria, nao walisomea katika jengo la TANU. Shahada yenyewe ilikuwa ya London. Mhitimu wa siku zile alikuwa na sababu chache za kuinung'unikia elimu yake, kwa kuwa kazi ilimngoja. Lakini kazi kumngoja mtu si ushahidi kwamba anaiweza.

Mwaka 1966 jambo hilo lilijitokeza kwa kishindo. Serikali iliwataka wasomi watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi 18 ya utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Wapatao 400 wakarudishwa makwao. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa fedha. Sisi twaona kilibeba swali zito zaidi: msomi huyu amefundishwa kufanya nini, na kwa ajili ya nani? Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijibu kwa namna yake. Kijana hakuweza tena kutoka shule moja kwa moja hadi Mlimani. Ilimpasa kwanza afanye kazi miaka miwili, na mwenendo wake kazini ushuhudiwe. Mtu aliyekwisha kupima mashamba au kushika vitabu vya hesabu vya kiwanda huja darasani na maswali yake mwenyewe, na huridhika au hukasirika kwa sababu anazozijua. Hasara nayo ilikuwapo, maana hisabati humtoroka upesi asiyeitumia. Sharti hilo baadaye lililegezwa. Kitivo cha Uhandisi, kilichoanza 1973, kilifuata njia nyingine: mafunzo ya viwandani yaliwekwa ndani ya masomo yenyewe.

Upo ujuzi mmoja ambao mitihani haikuupima, nao ni lugha. Mtaalamu wa kilimo aliyesomeshwa Morogoro kwa Kiingereza ilimbidi ajitafutie mwenyewe maneno ya kumweleza mkulima maradhi ya mhindi wake. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa 1970, ilifundisha kwa Kiswahili hadi shahada. Vitivo vya sayansi viliendelea na Kiingereza.