Nani Abebe Hasara? Bima na Gari ya Kukodi Pemba

Msimu wa karafuu ukifika, jamaa zangu wa Unguja na Bara humiminika kwetu Wete, Pemba, na mimi ndiye ninayetumwa kuwatafutia gari ya kukodi. Swali lao huwa moja: tulipie na bima, au tuache? Mimi jibu langu huanza mbali, mpaka wenyewe wachoke.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka huku. Mwenye shamba aliyepotelewa na miti hakuwa na wa kumfidia. Alikwenda kwa mkopeshaji, akaweka shamba rehani. Madeni ya namna hiyo yalizidi mpaka Waingereza wakatunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe, mwaka 1934. Yaani hasara ya baba ilikuwa inaliwa na watoto.

Shirika la Bima la Zanzibar lilianzishwa 1969. Wazee wetu wengi walilitazama kwa jicho la pembeni, na si kwa ujinga: kulipia kitu ambacho huenda usikipate kuna gharari ndani yake, yaani ile hali ya kutojua utakachopata ambayo sharia ya Kiislamu inaikataza katika biashara. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Jeddah mwaka 1985 waliikataa bima ya biashara, wakairuhusu ile ya watu kuchangiana. Huku kwetu kuchangiana kulikuwepo bila karatasi. Gari ikigonga ng'ombe njia ya Konde, huitwa sheha, kiongozi wa mtaa, wazee wakakadiria, mwenye ng'ombe akasamehe kiasi, watu wakatawanyika.

Gari za kukodi Pemba nyingi ni za mtu binafsi: simu, bei ya mdomo, nakala ya kitambulisho, basi. Mwenyewe akisema “bima ipo”, mara nyingi anakusudia bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria. Hiyo humlipa uliyemgonga. Bati la gari uliyokodi haligusi. Hata bima kubwa, ile inayolipia na gari yenyewe, nayo ina mtego, kwani iliyokatwa kwa gari ya nyumbani inaweza kukataa kulipa ikijulikana gari ilikuwa kazini. Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: imekatiwa bima ya kukodisha? Na ikigongwa, kiasi gani cha mwanzo kitatoka mfukoni mwetu? Asiyeweza kujibu, namshukuru naondoka.

Wageni wa nje wana kosa lao. Tangu Oktoba 2024 hulipa dola 44 za bima ya safari kuingia Zanzibar, wakadhani na gari imo. Ile ni ya msafiri.

Mimi husema tulipe, maana taa ya mbele ikivunjika huenda mpya ikangojwa kutoka Unguja kwa boti, na mwenye gari hana subira ya mwenye ng'ombe. Mjomba wangu hakubali mpaka leo. Yeye hukodi gari pamoja na dereva wake, akakaa nyuma na kanzu yake: usukani asioushika, anasema, haumdai.