Wasichana na kalamu: funzo kutoka Pate

Shule zikifungwa, siku hizi huandaliwa kambi za uandishi wa kubuni kwa wasichana wa mashambani. Wapo wanaoguna: eti msichana wa kijijini na utunzi, wapi na wapi? Jibu limo katika historia yetu wenyewe.

Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na Sayyid Said, alikuwa ameshafariki. Mjane huyo alimwita bintiye, Mwana Hashima, akamwagiza alete wino na karatasi, kisha akamtungia utendi wa wasia wenye beti zaidi ya 100. Aliwahimiza wanawake wengine pia wausome. Mwaka wa 1934, Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kama kitabu.

Wahakiki wengi wa leo huulaumu wasia huo kwa kumtaka mke amtii mume kupita kiasi. Wana hoja. Hata hivyo, hakuna anayeweza kukana kwamba mwanamke wa visiwani alishika kalamu zamani, tena kwa ustadi.

Lakini msomaji, hebu tazama: katika utendi huo anayesema ni mama. Binti analeta wino, anaketi, anasikiliza. Basi kambi hizi zina kazi iliyobaki. Msichana anayeshinda akiteka maji na kutafuta kuni apewe muda, karatasi na watu wa kumsikiliza, naye aseme yake.