Vitwitwi wa Mto Athi

Ng'ambo ile ni Kitui; hapa uliposimama ni Makueni. Maji haya ya Athi yakishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwagika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Udongo mwekundu unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya Ukambani huenda kutua huko mlangoni mwa mto, ukawa matope ambayo ndege wa ufuoni hujilia humo kwa makundi.

Wengi hufunga safari hadi Malindi kuwaona. Ni safari nzuri mno, lakini tazama kwanza mawe yaliyo majini hapa. Ukimwona ndege mdogo wa kahawia, tumbo jeupe, anayetikisa mkia bila kupumzika, huyo ni kitwitwi. Mtazame kwa makini: weupe wa tumboni hupanda hadi mbele ya bega. Akishtuka huruka chini kwa chini, karibu aguse maji. Kazaliwa Ulaya au Asia. Wenzake huanza kuwasili Julai au Agosti, na kufikia Mei wengi wameshaondoka.

Kiangazi, vijito vinapokauka, wenyeji huchimba mchangani kupata maji, na ndege nao hufuata unyevu huohuo. Mchanga ndio tangi la nchi hii. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi.

Tazama ukiwa juu ya ukingo. Mtoni mna mamba.