Mwalimu wa Biashara: Habari za Zamani na Haja Yetu ya Leo



Katika taarifa hii ya mwaka twapenda kueleza jambo lililozungumzwa mara nyingi mikutanoni, yaani jinsi kijana awezavyo kumpata mtu mwema wa kumfundisha biashara. Soko letu la Mulot liko mpakani, Bomet upande mmoja na Narok upande wa pili. Mifugo hutoka nyanda za Wamaasai. Mahindi na fedha za majani chai hutoka milimani. Nafasi ya kufanya biashara ipo, lakini mkono wa kumwongoza anayeanza ni haba. Twaona vijana wakifungua maduka kwa akiba ya wazazi, na baada ya misimu michache mlango hufungwa, wala ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya duka hilo harudi zizini.

Wazee wa Kipsigis waliufahamu msingi wa elimu hii kabla duka lolote halijajengwa. Kwa desturi ya kimanagan, mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe kadhaa awatunze. Mtunzaji alipata maziwa, na ng'ombe pamoja na ndama wakabaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa ulipoingia boma moja, mifugo yote haikuangamia. Na aliyetunza vizuri aliaminiwa tena. Humo mlikuwa na mambo matatu: mali iliyokabidhiwa, hesabu iliyotolewa, na faida kwa pande zote mbili.

Mambo hayo matatu twayaona pia katika habari za mfanyabiashara wa pwani ambaye maduka yake yalifika hadi pande zetu za bara. Allidina Visram alitoka Kutch, nchini Bara Hindi, akafika Unguja angali kijana mdogo. Alifanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeandaa misafara ya kwenda bara. Hapo alijifunza bei za nguo, shanga na pembe, na zaidi ya hayo alijifunza ni mtu gani wa kuaminiwa na mali. Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Visram akaendelea kupanua maduka yake katika Kenya na Uganda, akiifuata reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Naye aliwapa vijana wengi kazi ya ukarani na uwakala, na baadhi yao wakawa wenye maduka. Alipofariki mwaka 1916, elimu aliyoipokea Bagamoyo ilikuwa imekwisha kupita katika mikono mingi.

Kwa nini basi Mwafrika aliyepima sukari miaka mingi katika duka la mwingine hakuinuka vivyo hivyo? Si kwa uvivu wala ujinga. Sheria ya mwaka 1948 ilidhibiti mikopo kwa Waafrika, hata mwenye duka la jumla akaogopa kumkopesha Mwafrika bidhaa zaidi ya shilingi 200, kwa kuwa bila idhini ya serikali deni hilo halikudaiwa mahakamani. Mtu aliweza kujifunza kazi, lakini hakuweza kukabidhiwa mali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1960, na mwaka 1965 serikali ikaunda Shirika la Taifa la Biashara ili Waafrika wapate bidhaa za kuuza. Bidhaa zikaja, lakini gunia la sukari halimfundishi mtu hesabu.

Tazameni tofauti katika chai. Mamlaka ya mazao maalumu ya mwaka 1960, na KTDA iliyoifuata mwaka 1964, haikumpa mkulima mdogo miche tu. Ilimletea mwalimu wa kumwonyesha jinsi ya kuchuma majani mawili na chipukizi, ikapima majani yake, na deni likakatwa katika malipo yake kidogo kidogo. Mali, mafunzo na hesabu vilikwenda pamoja. Mwenye duka hakupata mwalimu wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kijana amtafute nani? Asitazame ukubwa wa duka wala gari lililo mlangoni. Atazame mizani ya mtu huyo, na jinsi anavyolipa madeni yake. Aulize kama wako waliofanya kazi kwake wakatoka na kusimama wenyewe. Kisha asiende kuomba mtaji. Aende kutoa nguvu zake, kwa muda uliopatanwa mbele ya mashahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekuonyesha daftari lake, pamoja na kurasa za hasara, ndiye mwalimu. Anayelificha miaka yote ni mwajiri tu, hata akiwa mpole.

Wazee wetu, katika soko hili mmo ninyi mliouza ng'ombe kwa miaka mingi, mkaishi miaka ya ukame na miaka ya bei mbaya bila kufunga biashara zenu. Elimu hiyo haikuandikwa popote, na kila tunapomzika mmoja wenu twazika daftari zima. Twawaomba kwa heshima kila mmoja achukue kijana mmoja, si lazima awe wa ukoo wake, amkabidhi kidogo na kumdai hesabu, kama mlivyokabidhiana ng'ombe. Chama nacho kiwe shahidi wa mapatano hayo, ili mzee asidhulumiwe na kijana asionewe.